Nilimpeleka Baba Mdogo Kuona Senti Tano Kubwa ya Sudbury

Baba mdogo alipokuja kututembelea Toronto, nilimuuliza angependa kuona nini. Nilitegemea aseme Niagara, maana ndiko wageni wote huanzia. Akasema anataka kuona mji wanakochimba nikeli. Yeye ni mtu wa Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na huko kwetu habari za nikeli ya Kabanga tumekua nazo: watafiti wanakuja, wanatoboa ardhi, wanaondoka, wanakuja wengine. "Mwanangu," akaniambia, "nikeli nimeisikia maisha yangu yote. Nataka kuona ilipotoka kweli."

Basi tukaenda Sudbury, kaskazini mwa Ontario, kilomita kama 400, mwendo wa saa nne kwa gari. Ukikaribia mji unaanza kuona miamba iliyopigwa weusi kando ya barabara. Huo ni moshi wa salfa wa mitambo ya kuyeyusha madini, uliochoma miti na udongo kwa miaka mingi. Mwaka 1972 walimaliza kujenga dohani ya mita 381 ili moshi upeperuke mbali na mji, na tangu 1978 wamepanda miti zaidi ya milioni 10. Baba mdogo alishusha kioo cha gari akawa anatazama misonobari inayotoka kwenye nyufa za mawe meusi. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Sarafu yenyewe, ile Senti Tano Kubwa (Wakanada huiita senti tano "nickel", yaani nikeli), iko juu ya kilima, katika uwanja wa makumbusho ya Dynamic Earth. Urefu wake mita 9, unene sentimita 61, pande 12 kama senti tano ya Kanada ya mwaka 1951. Upande mmoja Mfalme George wa Sita, upande wa pili kiwanda cha nikeli na dohani yake, pamoja na miaka 1751 na 1951. Miaka hiyo ina maana yake: 1751 ndipo Mswidi Axel Fredrik Cronstedt alipoitenga nikeli kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wachimbaji wa Kijerumani waliona jiwe lenye rangi ya shaba, wakaliyeyusha, shaba isitoke, wakasema kuna pepo anawachezea. Jina la nikeli limetokana na pepo huyo.

Ukisogea karibu unaona ni mabamba ya chuma kisichoshika kutu yaliyounganishwa, na maungio yake yanaonekana wazi, yamepita hadi shavuni kwa mfalme. Mimi nililipenda hilo. Unaona kazi ya mikono ya watu. Baba mdogo akatoa senti tano mfukoni, akafumba jicho moja, akawa anaisogeza mbele na nyuma mpaka ile ndogo ikaifunika ile kubwa yote. Alirudia mara tatu.

Kilichonigusa zaidi ni historia yake, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamati ya mji ilikuwa inatafuta mawazo ya kuadhimisha miaka 100 ya Kanada, itakayotimia 1967. Mfanyakazi wa zimamoto, Ted Szilva, akapendekeza sarafu kubwa, mgodi wa kutembelewa na wageni, na kituo cha sayansi ya madini. Kamati ikakataa. Hakukata tamaa. Akatengeneza medali ndogo za kumbukumbu akawauzia wapenda sarafu kwa njia ya posta, akatafuta kiwanja nje kidogo ya mpaka wa mji, na fundi Bruno Cavallo akaijenga. Iligharimu kama dola 35,000, ikafunguliwa Julai 1964, miaka mitatu kabla ya hizo sherehe zenyewe. Baadaye mgodi wa wageni ukapatikana. Kituo cha sayansi, Science North, kikafunguliwa 1984. Yote matatu aliyoyasema yule zimamoto yapo leo, na nimesimama mbele yake.

Kuitazama sarafu hakuhitaji tiketi, lakini nawasihi msiishie hapo. Lipeni mshuke chini. Mnavalishwa kofia ngumu, lifti inawashusha kina cha ghorofa saba, halafu mwongozaji anawatembeza kwenye mahandaki yanayoonyesha uchimbaji wa zama mbalimbali, kuanzia nyundo na mwanga hafifu mpaka mashine za leo. Mwishoni kuna mlipuko wa kuigiza. Hata ukijua unakuja, kifua kinatikisika. Huko pia utasikia habari za kimondo kilichoanguka hapa zaidi ya miaka bilioni 1.8 iliyopita, ndicho chanzo cha utajiri wote huu, na za reli ya mwaka 1883 iliyofanya madini haya yagunduliwe. Vaeni viatu vya kufunika na sweta hata kama juu ni kiangazi. Chini kuna baridi. Na mwangalie kwanza kama ni msimu wa ziara, maana majira ya baridi hawashushi watu kama kiangazi.

Mimi natoa nyota tano bila kusita. Kwa mtu wa kwetu aliyekulia karibu na madini, hakuna matembezi ya Ontario ninayoyaweka mbele ya haya.

Jioni baba mdogo akatuma picha kwenye kundi la ukoo. Swali la kwanza lilitoka Rulenge, huko huko Ngara: serikali yao ilitumia shilingi ngapi kujenga kitu hicho? Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akarekodi sauti ya dakika sita kuwaelezea habari za yule mtu wa zimamoto.