Programu ya kubadilisha vipimo vya kale vya uzito: hesabu safi, ila haiulizi mwaka

Kwa majuma matatu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayobadilisha vipimo vya uzito vilivyokwisha kuachwa, tangu libra ya Warumi hadi pudi ya Warusi, kwa kuwa kazi yangu ya kusoma daftari za kale za biashara hainipi nafasi ya kubahatisha.

Sifa yake kubwa ni namna inavyotenganisha ratili mbili za Waingereza. Ratili ya troy, yaani ile ya kupimia dhahabu, ina wakia 12 na ile ya kawaida ina wakia 16, lakini wakia ya troy ina greni 480 na ya kawaida ina greni 437.5, ndiyo maana wakia ya dhahabu ni nzito kuliko wakia ya pamba, ilhali ratili ya dhahabu, yenye greni 5,760, ni nyepesi kuliko ratili ya pamba, yenye greni 7,000. Programu mbili nilizozitumia awali zilijikwaa papo hapo. Hii huuliza kwanza ni ratili ipi, ndipo itoe jibu.

Laiti ingekuwa na desturi hiyo kwingineko. Nilipoandika livre ya Ufaransa, ilinipa gramu 489.5 bila kuuliza chochote. Hiyo ni livre ya Paris ya kabla ya Mapinduzi. Kuanzia 1812 iliruhusiwa madukani livre ya gramu 500 kamili, hadi sheria ilipoiondoa mwaka 1840. Kwa daftari la mwaka 1825, basi, jibu la programu linapunja zaidi ya kilo moja katika kila livre mia.

Kisha nikajaribu frasila 3, nikaletewa kilo 47.62719885. Kuzidisha hakuna kosa: frasila imehesabiwa kuwa ratili 35, na ratili kuwa kilo 0.45359237. Lakini thamani hiyo ya ratili ilikubaliwa mwaka 1959, na frasila yenyewe ilitofautiana bandari hadi bandari, kwa hiyo kumpa msomaji tarakimu nane baada ya nukta ni kumdanganya kwa adabu. Kilo 48 hivi zingetosha.

Maandishi ni madogo mno, ingawa inafanya kazi bila intaneti. Naipa nyota tatu kati ya tano; ya nne nitaiongeza siku watakapoweka kisanduku cha mahali na mwaka kando ya jina la kipimo.