Tuisheni ya mwalimu mstaafu Makorora, Tanga: watoto wanaruhusiwa kuongea na ndo maana wanaelewa

Kwa vile wengi mnaniuliza binti yangu anasoma tuisheni wapi, naandika hapa mara moja wote msome. Ni kwa yule mwalimu mstaafu wa Makorora. Jina silitaji maana mwenyewe hapendi kutangazwa, ila ukifika sokoni ukaulizia tuisheni ya watoto wadogo bodaboda watakupeleka mpaka getini. Anachukua darasa la kwanza mpaka la nne, jumatatu hadi alhamisi, saa tisa na nusu mpaka kumi na moja na nusu, elfu ishirini kwa mwezi, madaftari juu yako. Majamvi safi, choo kisafi, feni moja tu na kwa joto letu la Tanga haitoshi. Hayo yanatosha, mi nataka niongelee wanavyokaa na wanavyofundishana, maana kwangu hiyo ndo hela ninayolipia.

Hawapangwi mistari kuangalia ubao. Wanakaa wannewanne kuzunguka kimeza kifupi, na ticha anawachanganya makusudi, mmoja anayekimbia kwenye hesabu, wawili wa katikati na mmoja anayesumbuka, halafu baada ya muda anavunja makundi anapanga upya ili mtu asizoee kumwegemea mwenzie mmoja kila siku.

Kuna siku nilimfuata binti yangu mapema nikakuta wanafanya 43 kutoa 17. Binti akaanza kumwelekeza mwenzie, kijana mmoja wa Duga, "tatu kutoa saba haitoshi, nenda kwa nne ukakope moja, sasa hapa una kumi na tatu". Yule kijana akamuuliza, "si umekopa moja? Tatu na moja si nne, hiyo kumi na tatu imetoka wapi?" Jamani binti akanyamaza kabisa. Hesabu hiyo shuleni anapata vema kila siku ila hajawahi kujiuliza. Ticha alikuwa amesimama hapo hapo anasikia, hakujibu, akawasogezea tu kopo la njiti zilizofungwa kumikumi kwa rababendi. Wakapanga mafungu manne na njiti tatu, wakabishana kidogo, yule kijana akafungua fungu moja akahesabu zote mpaka kumi na tatu, binti akapiga kelele "kumbe ile moja ni fungu zima!" Wakatoa saba zikabaki sita, wakatoa fungu moja yakabaki mawili, 26. Angalia hapo nani kamfundisha nani. Aliyekuwa hajui ndo kauliza swali lililomfanya anayejua aelewe, na hakuna mtu mzima aliyetia neno.

Mie nimesomea ualimu Korogwe, tulifundishwa habari za Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu. Alisema kuna yale mtoto anayoyaweza peke yake na kuna yale anayoyaweza akisaidiwa na mtu anayejua zaidi, mtu mzima au hata mtoto mwenzie, na kufundisha kuzuri kunalenga hapo katikati, leo anafanya kwa msaada kesho anafanya mwenyewe. Chuoni tulijibu mtihani vizuri tu, halafu unapangiwa kituo unakuta watoto themanini darasa moja wakati kiwango cha serikali shule ya msingi ni 45 kwa mwalimu, hayo makundi unayaendeshaje? Ndo maana walimu wa Kayumba, yaani shule za serikali, siwalaumu hata kidogo, tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wameandikishwa kwa wingi, na ni jambo zuri, ila mwalimu ni yule yule mmoja na chaki yake.

Ninayoilaumu ni tuisheni ya kulipia yenye watoto kumi na tano halafu inafanya yale yale. Alikokuwa anasoma binti yangu kabla ya hapa, siendi kupataja, ticha anajaza ubao, watoto wanakopi, monita kakaa na karatasi anaandika majina ya wapiga kelele. Mtoto anachapwa kwa kumuuliza jirani yake "hapo imekuwaje". Mtoto wa miaka saba ukimchapa kwa hilo anajifunza kwamba kutoelewa ni siri, afiche, akopi tu asonge mbele. Inaniuma sana mpaka leo.

Kingine, huyu mwalimu akiuliza swali hamkimbilii aliyenyoosha mkono wa kwanza, anasubiri, kimya kabisa, mpaka wewe mzazi unaona aibu kwa niaba yao. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu, na wakivumilia mpaka tatu majibu yanakuwa marefu na wale wanaokaaga kimya nao wanaanza kujibu. Hapa nimeyaona hayo kwa macho. Halafu jibu likitoka hasemi sawa wala si sawa, anauliza "nani anakubaliana naye, na kwa nini?"

Wa inglishi midiamu na wa Kayumba wanakaa meza moja, na nimeipenda hiyo pia. Yule wa midiamu anakuja kakariri maelezo kwa kiingereza, sasa akitakiwa amweleweshe mwenzie kwa kiswahili ndo inajulikana kama kaelewa kweli.

Kasoro zipo. Kuna watoto wanameza kundi zima, anafanya yeye, wengine wanasubiri wakopi. Ticha anajitahidi, anayesimama kujibu kwa niaba ya kundi anachaguliwa kwa kuchomoa kijiti chenye jina, kwa hiyo inabidi wahakikishe wote wameelewa, lakini mtoto mwenye aibu sana kijiti hicho kinamtisha. Wa jirani yangu alikuwa analia kila akitajwa mpaka mama yake akamtoa, na nilimwambia ticha wazi kwamba mtoto wa aina hiyo aanze kuongea na mwenzie mmoja kwanza kabla ya kusimama mbele ya wote. Alinisikiliza, siku hizi anawaanzisha wawiliwawili.

Kasoro kubwa zaidi ni ule msimu wa upimaji wa darasa la nne. Wazazi wanaleta watoto kwa fujo, yeye hajui kukataa mtu, kundi la wanne linakuwa la saba, hapo wawili wanafanya hesabu watano wanapiga stori za mpira. Kuongea kunasaidia pale kila mtu ana kazi ya kuongelea, la sivyo ni kelele kweli.

Nampa nyota nne, ya tano nitampa akiweka kikomo cha watoto na feni ya pili. Darasa la pili na la tatu nafasi bado zipo. Usimpigie simu, nenda mwenyewe kwenye saa kumi wakiwa wamechangamka, mwambie unataka kusikiliza kwanza kabla ya kulipa, hakatazi mzazi.