Uzoefu wangu: miaka miwili ya uashi na QT katika chuo cha maendeleo ya wananchi

Akina dada wengi mtaani wameniuliza kama chuo cha maendeleo ya wananchi kinafaa au unaenda kupoteza muda tu. Nimesoma pale miaka miwili, nikikaa bwenini na mwanangu, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Niliacha shule kidato cha pili nikiwa mjamzito, kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za serikali ilitangazwa Novemba 2021, na wakati huo mwanangu alishaanza kutembea. Kukaa dawati moja na watoto wa miaka 14 niliona siwezi. Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye mpango wa Elimu Haina Mwisho unaoendeshwa katika vyuo hivi: unasoma ufundi, unasoma sekondari kwa njia ya QT (mtihani wa maarifa, ambao ukifaulu unaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi), na mtoto analelewa hapo hapo chuoni. Vyuo vyenyewe ni vya tangu 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, na viko zaidi ya 50 nchi nzima. Mimi nilikuwa napita getini miaka yote nikidhani wanafundisha kushona tu.

Siku ya kujiandikisha, aliyekuwa mezani aliniambia, "Mama, una mtoto, ushonaji utakufaa zaidi." Nikamjibu, "Mwalimu, naomba uniandike uashi." Aliniandika, lakini ilibidi niseme mara tatu. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu najua wapo waliokubali mara ya kwanza na leo wana vyeti vya fani wasiyoipenda.

Asubuhi tulikuwa uwanjani, mchana darasani. Ukuta wa mazoezi unajengwa kwa mchanga na chokaa, bila saruji, ili jioni uubomoe, usafishe matofali na kesho uanze upya. Mwalimu wa uashi alikuwa mzee mpole, lakini timazi yake, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, haikuwa na huruma. Anaishusha kwenye kona ya ukuta, anachuchumaa, anatazama. Ikiwa kozi ya tatu, yaani mstari wa tatu wa matofali, imetoka nje hata unene wa msumari, unavunja mpaka kozi ya pili. Nilivunja sana mwezi wa kwanza.

Kilichonifanya niandike haya ni siku moja ya kupanga msingi. Tulichomeka vigingi, tukafunga kamba, tukaambiwa tuhakikishe kona iko sikwea, yaani pembe mraba. Unapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha unakutanisha ncha hizo mbili kwa futi (utepe wa kupimia): lazima upate mita 5 kamili. Sisi tukapata mita 4 na sentimita 92. Mwalimu akasogeza kigingi nje kidogo kidogo mpaka futi ikasoma mita 5. Wiki ileile, darasani, mwalimu wa Hisabati akaandika ubaoni pembetatu ya Pythagoras: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na 9 jumlisha 16 ni 25, ambayo ni 5 mara 5. Nilikuwa nimelikariri somo hilo nilipokuwa sekondari bila kujua la nini. Safari hii nilikuwa bado na udongo wa ule msingi kwenye kucha. Niliinua mkono nikaeleza darasa zima, mimi ambaye nilikuwa nakaa nyuma. Ndiyo maana nasema ukipata nafasi usichukue ufundi peke yake, wala QT peke yake. Vichukue vyote viwili, vinasaidiana kuliko unavyodhani.

Kasoro zipo. Zana ni chache: wanafunzi 21, miiko ya uashi 7, pima maji 2, na moja ilikuwa imepasuka kioo. Mwaka wa pili mwalimu wa Hisabati alihamishwa, tukakaa wiki 6 bila mwalimu huku mtihani unakaribia. Tulifundishana wenyewe usiku, wengine na watoto mapajani. Kiingereza nacho ni mlima kwa aliyekaa miaka kadhaa nje ya shule, kwa kuwa karibu masomo yote yanatahiniwa kwa lugha hiyo. Chuo kingeweka hata mwezi mmoja wa Kiingereza kitupu mwanzoni, wengi wasingekata tamaa.

Malezi ya mtoto nayasifu bila kusita. Mlezi alikuwa ananiita uwanjani mtoto akipata homa, na uji wa saa nne haukukosekana. Bila kituo kile nisingemaliza hata muhula mmoja.

QT nilifaulu, sasa najiandaa na kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Nilipokwenda fildi, fundi mkuu alitaka tuchimbe msingi kwa kukadiria kwa macho. Niliomba futi kwa heshima, nikapima 3, 4, 5, kona ikawa imepishana sentimita 11. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo kupanga msingi ilikuwa kazi yangu.

Ukienda kuulizia nafasi, nenda siku ya kazi asubuhi, usiende Jumamosi. Pita uwanjani uhesabu miiko na wanafunzi, uliza kama walimu wa QT wametimia, kisha ingia kwenye kituo cha watoto ukae nusu saa.