Kikokotoo cha ACS NSQIP: hodari wa kupanga foleni, si wa kutoa ahadi

Kinapatikana bure kwenye riskcalculator.facs.org, hakidai usajili, na mwenye faili la mgonjwa mezani anamaliza kukijaza kabla chai haijapoa. Ni kikokotoo cha hatari za upasuaji cha American College of Surgeons (ACS), chama cha madaktari wapasuaji wa Marekani; NSQIP ni mpango wake wa kuboresha upasuaji. Kilitambulishwa mwaka 2013 kikiwa kimejengwa juu ya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.4 waliopasuliwa katika hospitali 393 kati ya 2009 na 2012. Hapa tunakipima kwa kazi moja, ambayo ndiyo ngumu: mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, ya tumbo la chakula au ya kongosho, anayesubiri kufunguliwa tumbo.

Jambo la kwanza kinalotaka ni jina la upasuaji kwa Kiingereza, au namba yake ya CPT, orodha ya Marekani ya namba za huduma za tiba, yenye tarakimu 5. Wengi huharibu hesabu hapo hapo. Kukata kipande cha utumbo mpana na kuunganisha ncha mbili ni 44140. Kukata, kufunga ncha ya chini na kutoa ya juu nje ya tumbo kwa mtindo wa Hartmann ni 44143. Upande wa kulia pamoja na mwisho wa utumbo mwembamba ni 44160. Whipple, yaani kuondoa kichwa cha kongosho na sehemu za jirani, ni 48150. Anayeandika 49000, yaani kufungua tumbo kwa uchunguzi, kwa sababu tu hajajua atakuta nini, anapata jibu la upasuaji mwingine kabisa. Kama utumbo umeziba na haijaamuliwa kama utaunganishwa au utatolewa nje, piga hesabu mara mbili, 44140 na 44143, uyaandike majibu yote mawili kwenye faili. Usitarajie majibu hayo yakuchagulie upasuaji, maana wagonjwa wa Hartmann kwenye kumbukumbu hizo walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo.

Baada ya hapo yanakuja maswali kama 20: kundi la umri, jinsia, uwezo wa kujihudumia, daraja la ASA (kipimo cha 1 hadi 5 cha hali ya mgonjwa kabla ya usingizi), dharura au siyo, kisukari cha vidonge au cha insulini, dawa za presha, sigara ndani ya mwaka mmoja, maji tumboni, sepsisi (maambukizi yaliyovuruga mwili mzima), dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine), urefu na uzito, na mengine ya namna hiyo. Masanduku huja yamekwisha kujazwa majibu ya mtu mwenye afya njema. Ukiruka moja, kikokotoo hakilalamiki. Kinampa mzee wako mapafu ya kijana na kuendelea. Dawa yake ni kusoma kutoka juu hadi chini kwa mara ya pili kabla ya kubonyeza, ikiwezekana mtu mwingine akikusomea faili.

Maswali matatu yanahitaji uangalifu kuliko mengine. La daraja la ASA ni la mtaalamu wa usingizi, si la daktari wa zamu anayekisia, kwa kuwa kutoka 3 kwenda 4 kunabadilisha jibu kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye ukurasa. La uwezo wa kujihudumia linahusu kuoga, kuvaa, kula na kwenda chooni. Mama anayeshikwa mkono na binti yake kwenda bafuni si wa kujitegemea, hata kama yeye mwenyewe atakuambia hana shida. La tatu ni saratani iliyosambaa. Hapa inamaanishwa iliyoenea mwilini kwa wingi, si ile iliyogusa tezi za limfu za jirani. Ukiweka ndiyo kwa sababu ya tezi mbili zilizoonekana kwenye CT, umempandishia mgonjwa hatari asiyokuwa nayo.

Majibu yanatoka kama michirizi: kifo, matatizo makubwa, nimonia, kidonda kuingia maambukizi, damu kuganda kwenye mishipa, figo kushindwa kazi, kurudishwa thieta, kurudi kulazwa, pamoja na makadirio ya siku za kulala. Yote ni ya siku 30. Kando ya kila mchirizi kuna alama ya wastani, na neno la kusema uko juu au chini yake. Neno hilo lisikuleweshe. Wastani ni wa upasuaji uleule, kwa hiyo mgonjwa wa Whipple aliye "chini ya wastani" bado anaingia kwenye mojawapo ya pasuaji nzito kuliko zote za tumbo. Kuna mstari pia wa kuruhusiwa kwenda kwenye kituo cha uangalizi badala ya nyumbani. Kwetu vituo hivyo ni vya kutafuta kwa tochi, lakini usiuruke. Usome kama swali la nani atakayemwogesha na kumbadilishia mfuko wa kinyesi wiki mbili za kwanza, na umtafute mtu huyo kabla ya upasuaji.

Mwishoni kuna kitufe cha kupandisha hatari kwa maoni ya mpasuaji, ngazi mbili juu ya jibu la kawaida. Kipo kwa sababu kikokotoo kina upofu wake. Hakiulizi Hb, kipimo cha wingi wa damu. Hakiulizi albumini, protini ya damu, wakati albumini chini ya 35 g/L ni dalili ya hatari inayojulikana siku nyingi. Hakijui kama mgonjwa amepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6, kama tumbo limekwisha kufunguliwa mara mbili na matumbo yamegandana, kama amepigwa mionzi ya nyonga, wala kama ana VVU na CD4, chembe za kinga, ziko wapi. Mgonjwa wa saratani ya tumbo la chakula ambaye hajameza chakula kigumu kwa mwezi mzima na mwenzake anayekula ugali wake vizuri wanaweza kupewa namba zinazokaribiana sana. Kitufe ni cha wagonjwa hao.

Sasa tufike kwenye namba yenyewe. Walipokitangaza, uwezo wake wa kutofautisha kwa upande wa vifo ulikuwa 0.944. Maana yake ni kwamba ukichukua wagonjwa wawili, mmoja aliyefariki na mmoja aliyepona, mara 94 kati ya 100 aliyefariki ndiye aliyekuwa amepewa hatari kubwa zaidi. Ni kazi nzuri mno ya kupanga watu kwenye foleni. Lakini foleni na kiwango ni vitu viwili. Kifaa kinaweza kupanga foleni sawasawa na bado kila namba yake ikawa ndogo mno kwa wodi yako.

Hilo si la kukisia. Utafiti wa ASOS, wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliotolewa mwaka 2018 kwa wagonjwa 11,422 kutoka hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulikuta wagonjwa wetu ni vijana zaidi na wana magonjwa mengine machache zaidi kuliko wastani wa dunia, na bado wanakufa mara mbili ya wastani huo. Wengi walifariki siku za baada ya upasuaji, si mezani. Uchunguzi wa GlobalSurg wa mwaka 2021, wa saratani za matiti, tumbo la chakula na utumbo mpana katika nchi 82, ulikuta picha hiyohiyo: pengo kubwa la vifo kati ya nchi tajiri na nchi maskini linaonekana pale mgonjwa anapopata tatizo kubwa. Mshono wa utumbo ukivuja Chicago, mgonjwa yuko CT usiku uleule na ICU, wodi ya mahututi, ina kitanda. Mshono huohuo ukivuja kwenye wodi ya wagonjwa 40 yenye muuguzi mmoja wa usiku, mapigo ya moyo 120 yanaandikwa asubuhi kama homa. Kikokotoo cha Marekani kimekwisha kuhesabu ndani yake ile ICU na ule usiku.

Kwa hiyo anayefanya kazi Dodoma, Eldoret au Bukavu afungue pia kikokotoo cha ASOS, kilichotokana na utafiti huohuo wa Afrika. Kinataka mambo machache tu: umri, daraja la ASA, sababu ya upasuaji, udharura, ukubwa wa upasuaji na aina yake. Alama 10 na kuendelea huhesabiwa hatari kubwa. Kwa undani wa tatizo mojamoja hakifiki kwa NSQIP, ila kiwango chake kimetoka kwenye wodi zinazofanana na zako. Na kabla mtu hajaanza kufurahi: jaribio la ASOS-2 lililochapishwa 2021 liliwachukua wagonjwa wenye alama hizo na kuwaongezea uangalizi baada ya upasuaji. Vifo havikupungua. Kumtambua mgonjwa wa hatari bila mikono ya kumhudumia kumebaki kuwa kumtambua tu.

Intaneti ikikatika, tumia P-POSSUM ya mwaka 1998, hesabu ya alama za hatari ya kifo, inayoweza kupigwa kwa kikokotoo cha simu ya tochi. Ina vipengele 12 vya hali ya mwili na 6 vya upasuaji, vinavyopewa alama 1, 2, 4 au 8 kwa jedwali. Jumlisha za mwili, zidisha kwa 0.1692. Jumlisha za upasuaji, zidisha kwa 0.1550. Zijumlishe mbili hizo, toa 9.065. Jibu liite x. Hatari ya kifo ni e (namba 2.718) kwa kipeo cha x, gawanya kwa 1 jumlisha kitu hichohicho.

Mfano wa kubuni: mwanamume wa miaka 66, saratani ya sigmoidi, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya rektamu, iliyogusa tezi, upasuaji wa kupangwa. Presha ya juu 140, mapigo 88, Hb 9.6, mengine yote ya kawaida. Mwili alama 22. Upasuaji mkubwa, damu kati ya 101 na 500 ml, hakuna uchafu tumboni: alama 13. Jibu ni asilimia 3.5. Mtu huyohuyo akicheleweshwa hadi utumbo ukaziba na kutoboka, presha 105, mapigo 118, urea 11, sodiamu 132, potasiamu 3.4, chembe nyeupe 16, kinyesi kimemwagika tumboni, akapasuliwa ndani ya saa 24: mwili 30, upasuaji 23. Asilimia 40. Nchini Uingereza na Wales, ukaguzi wa NELA wa pasuaji za dharura za tumbo huhesabu asilimia 5 tu kuwa mpaka wa kuwataka madaktari bingwa wawepo thieta, wa upasuaji na wa usingizi. Lakini P-POSSUM huzidisha kwa wagonjwa wa hatari ya juu. Isomwe "kubwa sana", isisomwe arobaini kamili.

Udhaifu mwingine: inataka damu itakayomwagika na hali ya tezi, na vyote viwili kabla ya kisu ni kubahatisha. Halafu kuna mtego wa Hb. Kwenye mfano wa kwanza, ukibadilisha Hb kutoka 9.6 hadi 11.8, alama zinashuka kutoka 8 hadi 2 na hatari inashuka hadi asilimia 1.3. Inatia hamu ya kutundika chupa mbili za damu usiku wa kuamkia upasuaji. Hesabu haijasema hivyo. Inasema watu waliokuja na damu kidogo walikufa zaidi, haisemi kwamba kuwaongezea kutaondoa tofauti hiyo. Jaribio la PREVENTT la 2020 lilimpa mgonjwa wa upasuaji mkubwa wa tumbo madini ya chuma kwa mshipa kabla ya kisu. Hb ilipanda, haja ya kuongezewa damu na vifo havikushuka.

Baada ya kushona, weka kando vyote na utumie Surgical Apgar ya mwaka 2007, alama za hali ya mgonjwa akiwa mezani. Inataka vitu vitatu: damu iliyopotea, mapigo ya chini kabisa na shinikizo la wastani la chini kabisa, lile linaloonyeshwa ndani ya mabano kwenye monita. Kamili ni 10. Alama 4 kushuka chini ni mgonjwa asiyerudi wodi ya kawaida kama kuna pengine pa kumweka. Damu isikadiriwe kwa macho: pima gozi, gramu moja ni kama mililita moja, toa uzito wa gozi kavu, ongeza iliyomo kwenye chupa ya kunyonyea.

Namba ya NSQIP ikipelekwa kwa mgonjwa, iseme kwa watu, si kwa asilimia: "Mzee, tukiwachukua watu 100 wenye hali kama yako wakafanyiwa upasuaji huu, tunategemea 4 wasifike mwezi mmoja, na kama 25 wapate tatizo la kuwaongezea siku za kulala." Kisha linganisha na kutopasuliwa, jambo ambalo hakuna kikokotoo hata kimoja kati ya hivi kinacholihesabu. Wala hakuna kinachosema ataishi na saratani miaka mingapi. Ndugu wakiuliza hilo, jibu lake liko kwenye majibu ya patholojia.

Hukumu: NSQIP ipate nafasi ya kwanza kwa undani wa matatizo na kwa kupanga nani alale ICU, nani aanze lishe wiki mbili kabla. Kwa kiwango cha vifo, nje ya hospitali zinazofanana na za huko kilikozaliwa, isitumike peke yake. Njia ya kuirekebisha ni daftari. Safu nne: tarehe, upasuaji, hatari iliyotabiriwa, kilichotokea siku ya 30, kwa simu kama mgonjwa yuko nyumbani. Wakifika 100, jumlisha hatari zote. Zikileta vifo 4 na waliofariki ni 9, wodi yako iko mara 2.25 ya kikokotoo. Vifo viwili au vitatu havitoshi kuhukumu, subiri daftari lijae zaidi.