Kikundi cha siku ya ine mu Bel-Air, kwa wanaume wenye kushindwa kuacha filme za uchi: nimekaa inje miezi mine, nawaambia nilichoona

Naandika hii juu ya wamama kwanza, wanaume nao wasome. Kuna kikundi kinakutana kila siku ya ine (Alhamisi), saa 17 mpaka saa 19, mu sale ya parokia moja hapa Bel-Air, Lubumbashi, ni cha wanaume wenye kushindwa kuacha filme za uchi ao wenye kutoka inje ya ndoa hata kama wenyewe wamechoka nayo. Sio kikundi cha maombi hata kama sale ni ya kanisa. Anayekiongoza ni psikologe, mama wa kama miaka hamsini hivi, na kando yake iko papa mmoja mwenye alishapita mule yeye mwenyewe. Bwana yangu anaenda pale toka miezi mine, mimi namusindikiza, nakaa inje. Kwa hiyo nitasema kile nimeona nyumbani kwangu, kile bwana yangu alikubali niseme, na kile sisi wamama tunaambiana pale benchi.

Nilijua kwa ajili ya mega za internet. Bwana yangu anatumika mu mine (mugodi) moja kule Kolwezi, wiki mbili kule, wiki mbili huku, na kule kambi kuna wifi ya bure, sasa akifika nyumba anaanza kununua mega kila siku, asubui imeisha, mangaribi ananunua tena, na sisi hatumuoni akiangalia kitu chochote. Usiku wa manane, saa 2, anaamka, anaingia mu duche na telefone, anakaa. Nikasema basi iko mwanamuke Kolwezi. Nilitafuta namba ya huyo mwanamuke mwaka mzima, nikachunguza kila jina, mpaka wadada wa kazini kwake niliwazania mubaya, na namba haikuwepo. Siku nilikuta kile alikuwa anaangalia nilikaa chini pale ku simenti, hata kulia sikulia.

Tulianza na kanisa, sio hii yenye sale, ingine. Wakasema ni roho mubaya, tufunge siku tatu. Tulifunga wote wawili, na mimi sisemi maombi ni bure, naomba mpaka leo. Lakini wiki haikuisha akarudia, na sasa ile shida ikazaa ingine, akaanza kujiona mutu mwenye Mungu amemukataa, na akishajiona vile uchungu unazidi, na uchungu ukizidi anakimbilia paka kulekule ili asahau kidogo. Nilikuwa naona na macho yangu inavyozunguka vile, sikuwa na jina ya kuiita.

Na mimi peke yangu nilikuwa na ugonjwa wangu. Nilijiangalia mu kioo, batoto watatu, tumbo imelegea, nikasema ni mimi, ni mwili wangu njo ulimutuma kule. Nilifanya rejime, nilibadilisha nywele, nilinunua nguo za ndani za bei, na alikuwa anageuka anaangalia ukuta. Wamama, kama uko unasoma hii na uko pale, sikia. Psikologe alitupokea pamoja mara moja tu, akamuuliza bwana yangu alianza na miaka ngapi. Akasema kumi na tatu, mu nyumba moja ya kuonyesha video kule Katuba, usiku wakubwa wakishalipa, batoto wanachungulia. Yule mama akanigeukia: "Mama, wakati ule wewe ulikuwa unasoma primere Likasi, haukumujua hata jina. Sasa makosa yako ni gani?" Nililia pale kwa mara ya kwanza. Kwa ile neno peke yake ningewapa nyota zote.

Sasa ndani wanafanya nini. Telefone zinabaki mu kitunga ku mulango, kila mutu anatumia jina moja tu, na kile kimesemwa hakitoki. Wameiga ile namna ya walevi wa Marekani walioanza kikundi chao mwaka 1935, mwenye amepona kidogo anamushika mukono mwenye anaanza, na vikundi vya shida ya ngono vilifuata kulekule miaka ya 1970 kuelekea mwisho. Lakini hapa psikologe ameongeza kazi ya daftari. Kila mwanaume anaandika wiki yake: saa ngapi tamaa ilikuja, ulikuwa fasi gani, nini ilipita mbele ya ile. Bwana yangu alikuwa anajua ye ni mutu wa tamaa kali, basi. Daftari ya wiki tatu ikaonyesha kitu kingine kabisa, anaanguka akitoka kazi ya usiku, anaanguka siku ya mushahara, anaanguka tukishagombana na hatujaongea. Tamaa ya mwili haikuwemo hata mara mbili. Ni uchovu, upweke na woga. Tangu ile siku tunajua fasi ya kuziba.

Jina pia wanalo. OMS, lile shirika la afya la dunia, waliiweka hii shida mu liste yao mupya ya magonjwa, ilipitishwa 2019 na ikaanza kutumika 2022, na hawaiti ulevi, wanaiita tabia ya ngono yenye kulazimisha, waliiweka na zile shida za kushindwa kuzuia musukumo, mbali na pombe na kamari, na wataalamu wanabishana mpaka sasa kama ingekaa kule kwingine. Lazima iwe imedumu miezi sita ao zaidi, mutu amejaribu kuacha ameshindwa, kazi ao nyumba ao afya inaharibika, na anaendelea hata kama hapati tena furaha. Na waliandika wazi, aibu ya dini peke yake haitoshi kusema mutu ni mugonjwa. Hii ilinishangaza. Bwana yangu anasema wiki ya kwanza kuna wenye walirudishwa nyumbani kwa upole, juu walikuwa na aibu tu, ugonjwa hawana, na hawakuchekwa. Kwetu kila mutu anakupa pepo ao anakucheka, kumbe kuna fasi ya katikati.

Ni wangapi? Ile swali wamama tunauliza kila siku ya ine, kama sisi njo tulilaaniwa peke yetu. Psikologe alitupa hesabu ya utafiti mukubwa wa nchi 42, watu zaidi ya 82,000, Kongo haikuwemo, na walikuta kama watu 5 kwa 100 wako hatarini na ile tabia yenye kulazimisha, na kama 3 kwa 100 wana shida na filme zenyewe. Wengi wanaoangalia hawafikie kule. Mama mumoja akasema basi ni wachache. Nikamuambia hesabu watu mia tatu mu misa ya kwanza, ni tisa wamekaa pale, na wake zao wamekaa kando yao wanajua ao hawajui.

Kuhusu telefone, walimufundisha kitu cha bure na kinafanya kazi: kama Android yako ni ya 9 kupanda, unaingia mu mipangilio ya mutandao, unatafuta DNS ya faragha, unaandika family.cloudflare-dns.com, na fasi nyingi za uchi hazifunguki tena, iwe kwa wifi ao kwa mega. Mutu mwenye anajua VPN, ile programu ya kuzunguka kizuizi, anapita, wenyewe walisema hivyo, haikuwekwa kama gereza. Inakupa dakika chache za kufikiri, na zile dakika bwana yangu anapigia simu yule papa. Mimi niliongeza sheria yangu, saa 21 telefone zote zinalala mu jikoni, na yangu pia, batoto walishangaa.

Imesaidia? Ndiyo. Ameanguka mara mine kwa miezi mine, zamani ilikuwa kila usiku. Analala. Mutoto wa pili alimuambia "papa siku hizi unasikia nikikuita", na ile nayo mulijue, sio kitanda tu kinaharibika, mutu anakuwa mu nyumba na hayupo. Kitandani kwetu bado tunaenda polepole, psikologe alisema tusikimbie. Na hii namna ya kutibu kwa kikundi sio ya kubahatisha, Uswidi walijaribu na wanaume 137, wakaandika 2019, wiki saba tu, na waliotibiwa walipata nafuu kuliko wale waliokuwa bado wanangojea zamu.

Sasa mabaya, juu yapo. Mwanzo madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto na sisi inje tulikuwa tunasikia maneno ya bwana za wenzetu, hii ni mubaya sana, tulisema, wakahama chumba cha nyuma, lakini ingefaa waone wenyewe. Saa ni ya watu wa ofisi, mwenye kutumika mu mine anakosa wiki mbili kila mwezi na akiwa Kolwezi hana mutu, bwana yangu mara tatu alianguka kule. Bei iko sawa, franka 2,000 ya maji na viti, kuonana na psikologe peke yako ni dola 15 na kwa wengi ile ni nyingi.

Na kubwa kabisa, hakuna kitu cha wanawake. Mara moja anatupokea, basi. Sisi tumebeba hii shida miaka, tumejichukia, wengine wamepimwa magonjwa, na tunawekwa benchi kama tunangoja bisi. Nilimuambia psikologe hii kwa heshima, akakubali, akasema hana mutu wa pili wa kumusaidia. Kwa hiyo tumeanza wenyewe, wamama watano, hatuna daftari, tunaongea tu, na wiki iliyopita psikologe alitoka dakika ishirini akakaa na sisi.

Nawapa nyota 4 kwa 5. Mwanaume akitaka kwenda afike saa 16 na nusu, chumba cha nyuma ni kidogo, viti vinaisha. Na wewe mama usibaki nyumbani ukingoja, pita kando ya sale, benchi iko chini ya muembe, mimi naleta chai.