Ununue kazi gani ya kufuma kwa ajili ya safari?

Arusha hadi Dar es Salaam kwa basi ni kama saa kumi, na safari hiyo naifanya mara kadhaa kwa mwaka nikiwa na uzi mapajani. Mara moja nilipanda na soksi iliyokuwa kwenye sindano tano za chuma, zile fupi zenye ncha pande zote mbili. Karibu na Same dereva alifunga breki, sindano moja ikachomoka, ikatumbukia chini ya viti na sikuiona tena. Vitanzi 16 vilibaki vinaning'inia, na kila tuta tulilopita lilivifumua zaidi. Nilifika Mbezi nimeibana soksi kwa vidole, nikaifumua yote usiku huohuo.

Tangu siku hiyo, nikienda dukani kununua kazi ya safari najiuliza kwanza: nikilazimika kuiacha ghafla, itaharibika? Kwenye basi unaachishwa kila wakati. Kondakta anatangaza kuchimba dawa, jirani wa dirishani anataka kupita, unapewa mtoto wa mtu umshike wakati mama yake anatafuta tiketi. Mchoro mzuri unafuata baadaye. Kwa kipimo hicho nimezipanga kazi sita, kutoka ile ninayoisifu hadi ile ninayokuomba uiache nyumbani.

1. Kofia ya mtoto mchanga

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni inayoikaribia. Inahitaji donge moja la gramu 50, sindano ya milimita 4, basi. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa kama sentimita 35, na kofia hufumwa ndogo kidogo ili ishike, sentimita 32 hivi. Kwa uzi wa unene wa kati unaotoa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, unaanza na vitanzi 64. Namba hiyo inagawanyika kwa 8, kwa hiyo kupunguza vitanzi utakapofika utosini hakukuhitaji karatasi wala simu. Kabla ya hapo ni kuzunguka tu bila kugeuza kazi, na macho yanabaki huru kuitazama Usambara.

Kosa la manunuzi liko kwenye sindano. Utakayotaka ni sindano ya mviringo, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Wauzaji wengi watakupa yenye urefu wa sentimita 40 wakikwambia ndiyo ya kofia. Ni kweli, ila ni ya kofia ya mtu mzima. Vitanzi vya kofia ya mtoto havitoshi kuizunguka. Nunua ya sentimita 80 au 100: unavuta waya utokeze katikati ya kazi, nusu ya vitanzi inakaa upande huu na nusu upande wa pili, na unaweza kufuma duara dogo kiasi chochote. Tena hakuna kipande cha kudondoka. Ukiitwa, unasukuma vitanzi vyote viingie kwenye waya na kuitia kazi mfukoni.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende. Watoto njiti wanaolelewa kwa njia ya kangaruu, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, huvikwa kofia, soksi na nepi tu. Safari moja ndefu inatoa kofia moja, wakati mwingine mbili. Ukitaka kuwapelekea, uliza wodini kwanza wanapokea uzi wa aina gani na saizi zipi. Kwa njiti mimi huanza na vitanzi 48. Usiweke vifungo, utepe wala shada la nyuzi juu, maana mtoto mdogo hivyo hatakiwi kuwa na kitu kinachoweza kung'oka karibu na mdomo.

2. Vipande vya mraba vya kroshia

Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi kwa wakati. Sindano ikianguka unapoteza kitanzi hicho kimoja, unakidaka tena, unaendelea. Kwa barabara zetu hilo ni jambo kubwa, na anayejifunza ningemwambia aanze hapa hata kabla ya kofia.

Fuma vipande vya sentimita 10 kwa 10. Ukifikisha 81, ukaviunga tisa kwa tisa, una blanketi la mtoto la sentimita 90 kila upande. Mfukoni unabeba madonge mawili matatu na sindano moja ya milimita 4. Vipande vilivyokwisha vinabaki nyumbani. Kasoro yake ni ncha za uzi: kila unapobadili rangi unaacha ncha mbili za kufichwa baadaye, na mtu aliyezidisha rangi atakaa wikiendi nzima na sindano ya kushonea. Nunua rangi mbili, ya kati na ya ukingo.

Akina mama wa Ukambani wamekuwa wakisuka viondo huku wanatembea, na kwa wasuka ukili wa pwani mkono hausimami mazungumzo yakinoga. Kazi zote hizo zinafanana kwa jambo moja: unachokishika kwa wakati huo ni kidogo, hata kama kitu kizima ni kikubwa.

3. Soksi

Kwa ukubwa wake soksi ingekuwa ya kwanza. Gramu 100, kama mita 400 za uzi mwembamba, zinatosha jozi ya mtu mzima na zinaingia kwenye mfuko wa koti. Naishusha kwa sababu ya upatikanaji. Uzi wa soksi unaodumu ni mchanganyiko, kwa kawaida asilimia 75 sufu na 25 nailoni, na nailoni ndiyo inayozuia kisigino kutoboka. Maduka mengi ya Kariakoo na ya Biashara Street kule Nairobi yatakuuzia akriliki tupu, na akriliki ndani ya kiatu inatoa jasho. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwagize huo badala ya chokoleti.

Kisigino ndicho kinachohitaji utulivu. Kifume kwenye kituo cha chakula Korogwe, au kabla ya kuondoka. Na sindano iwe ya mviringo, milimita 2.5. Zile tano fupi nimeshaeleza zilinifanyia nini.

4. Vitambaa vya makochi

Uzi mweupe wa pamba, sindano nyembamba ya kroshia, na maua ambayo lazima uyahesabu. Ni vyepesi na ni kazi ninayoiheshimu sana, ila kwenye basi vinataka mwanga mzuri na mikono misafi. Machungwa yakishaanza kuuzwa madirishani pale Segera, mikono inanata na uzi unachafuka. Kwenye treni ya SGR, kuanzia Dar hadi Dodoma au Nairobi hadi Mombasa, mwendo umetulia na unaweza kuhesabu bila kupotea. Huko ningevipandisha hadi nafasi ya pili.

5. Shali

Shali la pembetatu linakudanganya. Unaanza na vitanzi vitatu, saa mbili za mwanzo ni raha, halafu mstari unafika vitanzi 300 na huwezi tena kuumaliza kati ya kituo na kituo. Nunua kama unakwenda kuanza na kurudi kumalizia nyumbani.

6. Sweta

La mtu mzima linakula gramu 400 hadi 600, na likifika kifuani unakaa na blanketi mapajani kwenye joto la Tanga. Beba mikono peke yake. Kila mkono ni kazi ndogo inayojitegemea. Mwili fumia nyumbani.

Ukiwa dukani

Sindano za mianzi zishinde za chuma kwa safari, kwa sababu vitanzi haviteremki ovyo. Wengi wetu tulijifunza kwa spoku za baiskeli zilizonolewa, na zinafuma vizuri tu, lakini ncha ile usiipeleke kwenye kiti kinachorukaruka karibu na watu. Pitisha kucha kwenye kiungo cha ncha na waya: ikinasa, rudisha, maana uzi utanasa hapohapo kila mzunguko. Kama unanunua zaidi ya donge moja, linganisha namba ya loti kwenye lebo, yaani ya fungu la uzi uliotiwa rangi pamoja. Nyeupe mbili za loti mbili zinafanana chini ya taa ya duka na kutofautiana juani. Mfuko uwe wa kitambaa wenye kamba ya kukaza; Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania 2019, na kipande cha kitenge kinatosha.

Kwa ndege, Marekani na Uingereza zinaruhusu sindano za kufumia kwenye mzigo wa mkononi. Mkasi ndio wenye masharti: Uingereza wembe wake usizidi sentimita 6, Marekani usizidi kama sentimita 10 kuanzia kwenye kiungo. Kile kikata uzi cha duara chenye wembe uliojificha ndani hakipiti ukaguzi wa Marekani, kitie kwenye begi kubwa. Uamuzi wa mwisho ni wa ofisa aliye mbele yako, kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea. Sindano zikichukuliwa, vitanzi vitabaki vimeshikwa hadi utakapopata nyingine.