Nimeangalia 300 ya kutafsiriwa, na kile kisima kimenitibua

Sina shida na damu, wala sina shida na vifua wazi. Kilichonitibua ni sentensi moja. Katika muvi ya 300, ya vita vya Wasparta wa Ugiriki ya kale na Waajemi (Iran ya leo), iliyotafsiriwa, niliyorushiwa kwenye flashi na kijana wa duka la muvi huku mtaani kwetu, mtafsiri anafika pale Leonidas, mfalme wa Sparta, anapompiga mjumbe wa Waajemi teke la kifua na kumdondosha kisimani, anapandisha sauti na kusema: "Ndugu mtazamaji, hii ni historia ya kweli, haina chumvi hata punje." Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili na analipenda somo la Historia kuliko masomo yote, akapiga makofi. Nikaisimamisha hapo hapo.

Mjumbe hauawi. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Na Wasparta nao walilijua vilevile, ndiyo maana nimeshindwa kuvumilia. Kwa mujibu wa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika habari za vita hivi katika karne ileile ya 5 KK, ni kweli Wasparta waliwahi kuwatupa wajumbe wa Uajemi kisimani, wakawaambia wachote humo udongo na maji, vile walivyokuja kuvidai kama ishara ya kukubali kutawaliwa, wampelekee mfalme wao. Lakini hayo yalitokea zama za Darius, baba yake Xerxes, yule mfalme wa Waajemi wa kwenye muvi, kama miaka kumi hivi kabla ya vita vya Thermopylae vya mwaka 480 KK, ndivyo hivyo muvi inavyovionyesha. Zamu ya Xerxes ilipofika akatuma wajumbe Ugiriki, ila Sparta na Athens aliziruka makusudi, maana hakuwa amesahau walichofanyiwa watu wa baba yake. Kwa hiyo lile teke linaloshangiliwa dunia nzima halikuwa hata na mtu wa kulipokea.

Kilichofuata baada ya kisima ndicho kilichostahili kuchezwa. Herodotus anasimulia kwamba tangu tukio lile, kila Wasparta walipotoa kafara, dalili zilikuja mbaya. Muda ukapita, hali ni ileile. Wakawa wanaitisha baraza mara kwa mara na kuuliza: nani yuko tayari kufa kwa ajili ya Sparta? Wakajitokeza wawili, Sperthias na Bulis, watu wa koo kubwa na wenye mali zao, wakakubali kwenda kwa Xerxes wakauawe ili kulipa damu ya wajumbe. Wakafika Susa, kwenye makao ya mfalme. Walinzi wakawalazimisha wamsujudie mfalme, wakagoma, wakasema kwao binadamu hasujudiwi na wala hawakufuata hilo. Wakamweleza mfalme kilichowaleta: tumekuja kulipa. Na Xerxes akakataa kuwaua! Akawajibu kwamba Wasparta walivunja sheria ya watu wote kwa kuua wajumbe, na yeye hatafanya jambo lilelile analowalaumu, wala hatawafutia hatia yao kwa kuwachinja hawa wawili. Akawaachia warudi kwao.

Niambieni, teke gani linafikia hapo? Watengenezaji wameichukua aibu iliyowatesa Wasparta wenyewe miaka na miaka wakaifanya kuwa tukio la kujivunia kuliko yote kwenye muvi nzima. Na huyo mjumbe anayedondoshwa kachezwa na Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana. Tunashangilia.

Nilirudi dukani siku chache baadaye, kwa upole kabisa. Nikaomba toleo lisilo na mtafsiri, lenye maandishi tu chini, na nikamweleza yule kijana kwamba kazi ile inapotosha watoto. Hakuinua macho kwenye kompyuta. Flashi za wateja zilikuwa zimepangwa mbele yake juu ya kaunta, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina kwa mpira. Akaichukua yangu kwa vidole viwili, akaisukuma upande wangu. "Anti, historia iko shuleni. Hapa watu wanafuata ngumi. Kama huitaki, ifute." Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nimelipa." Akamsemesha mteja aliyekuwa nyuma yangu kana kwamba pale niliposimama pana upepo. Sikurudishiwa pesa, sikupewa toleo lingine, sikupewa hata pole.

Sasa nami niseme ukweli: ngumi zenyewe ni tamu. Mwongozaji Zack Snyder aliipiga karibu yote ndani ya studio kule Montreal, mandhari yakaja kutengenezwa kwa kompyuta, akifuata kitabu cha picha cha Frank Miller cha mwaka 1998, na kila fremu imekaa kama mchoro. Pale majeshi yanapokutana kwa mara ya kwanza, Wasparta wamebana, ngao zimegusana, nyayo zinakwaruza chini, wanasukumwa nyuma, halafu wanaanza kusukuma wao, mkuki unachomoza juu ya ngao na kurudi: hapo hata mimi niliacha kukunja uso. Hivyo ndivyo Wagiriki wa wakati ule walivyopigana, kwa safu, ngao ya mmoja ikimkinga na aliye kushoto kwake. Muda si mrefu safu inavunjwa na kila mtu anacheza kivyake, jambo ambalo Thermopylae kwenyewe lingewamaliza mapema sana. Nikasamehe. Hata kuwapeleka vitani na kaptula ya ngozi na joho, vifua wazi, wakati Mgiriki wa kweli alivaa na kinga ya kifua, nikasamehe. Faru nikamsamehe, na tembo wanaoporomoka gengeni, na mabomu ya wachawi. Muvi ni muvi. Nikawa naelekea kuipa nyota nne.

Lakini Xerxes, jamani. Huyu sisi tunaosoma Biblia tunamfahamu. Wataalamu wengi wanasema ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, aliyetawala toka Bara Hindi mpaka Kushi. Wamemfanya jitu la kutisha, nusu uchi, uso umejaa vipuli na minyororo. Michongo ya Waajemi iliyoko Persepolis inaonyesha wafalme wao na ndevu ndefu na kanzu za mikunjo. Muvi ilipoingia kumbini mwaka 2007 Wairani waliipinga mpaka serikali yao ikalalamika, na mimi siwalaumu hata kidogo. Na hao wa Kushi nao? Herodotus anawataja ndani ya jeshi lile, watu weusi wa kusini mwa Misri: wamevaa ngozi za chui na simba, wana pinde za mtende ndefu zisizopungua dhiraa 4, mishale ya ncha za jiwe, mikuki ya ncha za pembe ya swala, na wakiingia vitani wanajipaka nusu ya mwili nyeupe na nusu nyekundu. Fumba macho uwaone wanakuja. Kisha unieleze kwa nini mtu mwenye fedha zote zile aone afadhali abuni mazimwi.

Hata hesabu iliyo kwenye jina la muvi imenikera. Siku ya mwisho, baada ya msaliti Mgiriki, Ephialtes, kuwaonyesha Waajemi njia ya mlimani, Leonidas aliwaruhusu wengi waondoke. Waliobaki naye hawakuwa 300 peke yao. Walikuwepo Wathebe 400, watu wa mji wa Thebes, na walikuwepo watu 700 wa Thespiae, mji mdogo tu, waliokataa katakata kumwacha. Wathespia walikufa pamoja na Wasparta, na Xerxes akauchoma mji wao. Kwenye muvi huwaoni. Watu 700! Mtu akifa vile halafu anafutwa ili mwingine aonekane shujaa zaidi, mimi naita dhuluma.

Kuna wanaoitetea kwa hoja nzuri, na kwa muda ilinituliza. Wanasema msimulizi wa ndani ya muvi ni Dilios, askari wa Sparta aliyepoteza jicho na kurudishwa nyumbani, kwa hiyo tunachoona ni majigambo ya askari anayewapandisha wenzake mori. Sawa. Ila hata huyo Dilios amejengwa juu ya mtu ambaye habari yake inaumiza zaidi. Aliitwa Aristodemus. Yeye na mwenzake Eurytus waliugua macho, wakaruhusiwa kukaa nje ya vita. Eurytus akaamuru mtumwa amshike mkono ampeleke mapambanoni, akafia huko. Aristodemus akarudi nyumbani akiwa hai, na Sparta hakuna aliyempa moto wala kumsemesha. Mwaka uliofuata, 479 KK, kwenye vita vya Plataea dhidi ya Waajemi haohao, alijitosa mbele ya wote akapigana mpaka akafa, na kwa maoni ya Herodotus hakuna aliyemzidi ushujaa. Wasparta wakamnyima heshima, wakisema alikuwa anakitafuta kifo. Kwenye muvi mtu wa namna hiyo anapewa hotuba na jeshi la kuongoza.

Na asiniambie mtu kwamba ukweli hauuzi tiketi. Oliver Stone alipotengeneza Alexander, muvi ya mwaka 2004 ya Aleksanda Mkuu, alimweka mwanahistoria Robin Lane Fox wa Oxford kuwa mshauri, na mzee huyo akapanda farasi yeye mwenyewe katika shambulio la wapandafarasi la vita vya Gaugamela, pale Aleksanda alipopigana na Waajemi. Muvi ile ina kasoro zake na watu wengi waliisema vibaya. Vita ile lakini! Vumbi limefunga kila kitu, hujui nani anashinda, magari ya farasi yenye visu yanakuja na askari wanafungua njia yapite. Nilikuwa nimeshika kiti.

Mtafsiri simchukii. Ana sauti nzito inayokaa masikioni, anajua kupangilia maneno, na kuna mahali ameeleza hofu ya malkia wa Sparta vizuri kuliko waigizaji wenyewe. Watu wanaomfuata ni wengi kuliko wanaofuata vitabu, na kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu. Lakini kipaza sauti anacho yeye. Anaongeza utani wake, anaongeza methali, anasalimia hata washikaji zake katikati ya mapigano. Pale kisimani angeongeza dakika moja ya Sperthias na Bulis na hakuna mtu angetoka bandani. Badala yake amewaapia watoto kwamba ni kweli tupu. Nimempa moja.

Duka lile sirudi, hata wakishusha bei.